Ugali wa Mjomba Haukuwa Mshahara

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika yadini kabla mlinzi hajafungua geti. Ilikuwa Julai, na mtu ambaye hajaionja baridi ya Makambako ya Julai asinisimulie habari za baridi. Nilivaa makoti mawili, langu na la marehemu mume wangu, nikasimama nje nikipuliza vidole na kuomba asitokee mtu wa kuniambia kwamba kazi imeshapata mwenyewe. Nilikuwa nimeacha watoto wawili kwa mama yangu kule Mdandu, na chumba nilichopanga nilikuwa nimekilipia mwezi mmoja tu. Sikuwa na mpango mwingine.

Ninyi vijana mnaokuja kunitembelea siku hizi hamniulizi habari za mbao. Mnaniuliza, "Bibi, nipo kwenye kiwanda cha parachichi huu mwezi wa tatu, sijalipwa, na mkataba sina. Nifanyeje?" Basi nitawaeleza yote mawili, kazi na malipo, maana kwangu yalikuja yamefungwa pamoja.

Yadi ilikuwa Lyamkena, nyuma kidogo ya barabara kuu. Mwenyewe alikuwa kaka wa ukoo wa mama yangu, kwa hiyo kwangu mimi alikuwa mjomba, ingawa pale kazini wote tulimwita Mwenye Yadi. Nyumba yake ilikuwa humo humo ndani ya ukuta, na mke wake, aliyekuwa na jiko kubwa la kupikia wafanyakazi, tulimwita Mama Yadi. Mwenye Yadi alikuwa mtu wa kucheka. Aliponiona tu alisema, "Mpwa wangu! Umekula?" Kabla sijajibu, Mama Yadi alikuwa ameshaniwekea uji wa moto na viazi mbele yangu, na mimi niliyetoka na njaa sikujivunga. Nilipomaliza nilijikaza, nikauliza.

"Mjomba, na malipo yatakuwaje?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama ana wazimu. "Mpwa, wewe ni mtu wa nyumbani. Hatutashindwana."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wote. Neno moja, na nililipokea kwa shukrani. Niliona haya kuuliza mara ya pili huku uji wake bado una joto tumboni mwangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Msimamizi, mtu wa Mufindi, mrefu, asiyependa maneno. Kazi niliyopewa ilikuwa ya kupanga mbao. Watu wengi hudhani ni kazi ya kubeba tu. Mbao ya paini ikitoka kwenye msumeno ni mbichi na imejaa maji. Ukiirundika hivyo hivyo inaota ukungu wa bluu, na mnunuzi wa Dar es Salaam akiona bluu anakata bei hata kama mbao ni nzima. Ukiitupa juani kama nguo, inapinda. Kwa hiyo hupangwa kwa utaratibu ili upepo uikaushe taratibu. Unaanza na misingi, yaani magogo mafupi ya kuinua rundo lisiguse ardhi, na yote yawe usawa mmoja. Juu yake unalaza tabaka la mbao, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Kisha unalaza fito, vipande vyembamba vya mbao kavu, kukatiza tabaka hilo, ili tabaka linalofuata lisilalie lile la chini. Ufito wa juu lazima ukae juu ya ufito wa chini, toka msingini mpaka kileleni. Ukihama kidogo, ubao unabeba uzito mahali pasipo na nguzo, na baada ya wiki chache umekuwa upinde.

Rundo langu la kwanza Msimamizi alilibomoa lote. La pili akalibomoa nusu. Nilitaka kulia, naye akasema bila hata kunitazama, "Dada, rundo halina undugu. Ukilidanganya chini, litakuumbua juu."

Nilijifunza. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa napanga mbao za moja kwa nane, yaani unene wa inchi moja na upana wa inchi nane, kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kubomolewa. Mabega yaliota sugu. Viganja vilijaa utomvu, na utomvu wa paini hautoki kwa sabuni, unatoka kwa mafuta ya taa. Saa ya mchana Mama Yadi alipakua ugali, maharage na mnafu, na Jumamosi aliongeza nyama na togwa. Sijawahi kufanya kazi mahali wanapokula vizuri kuliko pale. Wote tulikula pamoja chini ya banda la kukaushia, isipokuwa Msimamizi, ambaye alivuka barabara kwenda kula kwa mama lishe. Tulisema ana maringo.

Mwisho wa mwezi nilioga mapema, nikasubiri kuitwa. Sikuitwa. Siku iliyofuata nilimwendea Mwenye Yadi, naye akanieleza kwa upole kwamba lori la mbao lililokwenda Dar halijarudi na hela. Mwezi wa pili lori lilikuwa limerudi, ila wateja walikuwa wamekopa. Tena kila mara aliniuliza kama nimekula, na kama watoto hawajambo. Nilitoka pale nikiwa nimemshukuru, na nilipofika getini ndipo nilipokumbuka kwamba sikupewa kitu.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kunikalia. Mama yangu alikuwa amekodi shamba pale Mdandu, akalilima na kulisafisha lote kwa nguvu zake, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mbolea kabla ya mvua za kwanza. Udongo wetu haudanganyiki. Bila mbolea mahindi yanatoka ya njano, na hindi lenyewe unaweza kulificha kwenye kiganja. Salamu za mama zilinifikia kwa akina mama waliokuja kuuza maharage sokoni Makambako, na kila wiki zilikuwa fupi kuliko za wiki iliyopita. Kwanza: mwambieni shamba liko tayari. Kisha: mwambieni wenzetu wameshanunua mbolea. Mwisho: mwambieni watoto wanamsalimu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu nilijua mama ameacha kuniuliza.

Niliacha kulala vizuri. Nilikuwa naangalia mawingu kama mtu anayemtazama mwenye nyumba akija kudai kodi. Na mwenye nyumba naye alikuwa anakuja.

Nilimweleza Obadia, mpanga mbao mkongwe kuliko wote pale, mtu wa Makete aliyeoa dada wa Mama Yadi. Kumbe naye alikuwa hivyo hivyo. Akiumwa alipewa hela ya dawa, shule zikifunguliwa alipewa kidogo ya madaftari, lakini mshahara hasa wa mwezi hakuujua.

"Sasa kwa nini huondoki, kaka?" nikamuuliza.

"Niondoke niache jasho langu lote hapa? Ukiondoka umemsamehe. Nikikaa, angalau namwangalia."

Nilimwona mjinga, halafu nikagundua nafanya vile vile. Hilo nawaambia vijana mlishike. Tungedhani deni humfunga anayedaiwa. Sisi lilitufunga tuliokuwa tunadai. Kila mwezi uliopita bila malipo ulikuwa sababu nyingine ya kutoondoka, na Mwenye Yadi alikuwa analijua hilo kuliko sisi.

Mwezi wa tatu ulipokwisha nilisema naumwa, nikapanda basi kwenda Njombe mjini, nikaulizia ofisi ya kazi. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kumshtaki mjomba wake kwa serikali, na nilikuwa nahisi kila abiria anajua ninakokwenda. Ofisa wa Kazi alikuwa kijana wa miwani, mpole, aliyenisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumaanishi huna haki," alisema. "Kama unafika kwake kila siku, anakupangia kazi na vifaa ni vyake, wewe ni mwajiriwa. Ila yeye akikana, mimi nitahitaji shahidi."

Akamwita. Wiki iliyofuata Mwenye Yadi alikuja Njombe amevaa suti ya kanisani, akatabasamu na kila mtu, mpaka mfagiaji wa ofisi. Akasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Amefiwa na mume, amekuja kwangu nimpe hifadhi. Akipata nafasi ananisaidia mikono, kama watu wa nyumba moja. Kwetu Wabena tunaita mgowe, kazi ya kusaidiana. Mtu anakuja, anasaidia, anakula, anakunywa, mambo yameisha. Muulizeni kama amewahi kulala njaa kwangu."

Ofisa akanigeukia. "Ni kweli unakula kwake?"

"Ni kweli."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na Jumamosi togwa," akaongeza Mwenye Yadi, akicheka.

Nilitamani sakafu ipasuke. Kila alichosema kuhusu chakula kilikuwa kweli, na kila kilichokuwa kweli kilinipinga. Ofisa alifunga faili lake akasema kula si malipo kisheria, lakini anahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba mimi ni kibarua na si ndugu aliyekuja kukaa. Akatupa tarehe nyingine. Na mnajua Mwenye Yadi alifanya nini? Alinirudisha Makambako kwa gari lake mwenyewe, akaninunulia mahindi ya kuchoma njiani, akapiga soga njia nzima. Angenitukana ningeogopa kidogo. Kwa wema ule niliogopa sana.

Jumapili nilikwenda Mdandu. Mama alikuwa shambani, na shamba lilikuwa limelimwa vizuri mno, matuta yamenyooka, yanasubiri. Sikuweza kulitazama. Nilimweleza yote, mpaka maneno ya mgowe aliyoyasema kaka yake. Nilitegemea amkasirikie. Akanikasirikia mimi.

"Pale yadini hakuna hata mmoja anayelipwa?"

"Yupo. Msimamizi. Kila mwisho wa mwezi, halali yake."

"Anakula wapi?"

"Kwa mama lishe, ng'ambo ya barabara. Anaringa tu."

Mama aliegemeza jembe begani. "Anaringa? Faraja, umezaliwa hapa, umekwenda kwenye migowe ya watu tangu ukiwa mgongoni kwangu. Anayekula kwenye mgowe amelipwa nini?"

"Amelipwa chakula."

"Na anayekuja kulima kwa hela, anakula chakula cha nani?"

Kwetu kibarua wa hela huja na viazi vyake kwenye kitambaa. Akikaa kwenye chungu cha mwenye shamba, watu wote huelewa kwamba amekuja kusaidia, na hakuna atakayemtetea jioni akidai. Hili ni jambo analolijua mtoto mdogo wa Mdandu. Mimi nililisahau kwa sababu palikuwa mjini, palikuwa na geti na magari, nikadhani kanuni za shambani zimeishia barabarani. Yule mtu wa Mufindi alizishika kuliko mimi.

"Kuanzia kesho usile," mama akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila jua unachofanya. Yule ni kaka yangu."

Alikuwa na haki ya kunionya. Kukataa chakula cha mtu si mchezo. Anayesukuma sahani ya mwenzake anaweza kuwa anasema mambo mawili: mimi ni kibarua wako, au wewe ni mchawi, umeniwekea kitu. Watu huwa wepesi kusikia hilo la pili. Usiku ule sikupata usingizi nikifikiria namna ya kukataa bila kumwita mtu mchawi.

Jumatatu mchana, wenzangu walipokwenda kunawa, mimi nilitoa viazi vyangu vilivyopoa, nikakaa kwenye misingi mitupu karibu na geti, mahali ambapo hata wapita njia wangeniona. Mama Yadi aliniona toka jikoni. Alikuja na sahani yangu mkononi.

"Faraja, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi njoo ule."

"Leo nala cha kwangu, mama. Ahsante."

Uso ulimbadilika. Wenzangu waliacha kunawa. "Chakula changu kina nini? Kina sumu? Sema mbele za watu!"

Hapo nilisimama, maana jambo kama hilo halisemwi umekaa. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Mama, chakula chako hakina kitu. Ni kitamu, nimekikumbuka hata sasa hivi. Ila mimi ni kibarua hapa, sikuja kwenye mgowe. Nikilipwa mshahara wangu, nitakula kwako hata kila Jumapili."

Alirudi jikoni na ile sahani, na nilimwona akisimama nayo muda mrefu kama hajui pa kuiweka. Nilimhurumia, nawaambia kweli. Yeye hakunikopa chochote.

Kesho yake Obadia naye alikuja na mfuko wa makande. Alikaa tu kando yangu. Alikuwa anahatarisha mengi kuliko mimi, maana mke wake na Mama Yadi ni tumbo moja. Siku zilizofuata wakaongezeka wengine, na mwisho wa wiki sufuria kubwa la Mama Yadi lilirudi ndani limejaa. Wenye malori waliokuja kupakia walituuliza kuna msiba gani. Mwenye Yadi alipita mbele yetu akitania, "Naona mmekuwa watalii, mnakula nje!" Hakuna aliyecheka.

Hakutufukuza wala hakutulipa, na mimi nilikuwa nikihesabu kila wingu. Mvua za kwanza zilinyesha kabla ya ile tarehe ya Njombe. Zilinyesha mchana, juu ya mabati ya banda, na wenzangu wakashangilia kwa sababu vumbi limetulia. Mimi nilikuwa na ufito mkononi. Niliulaza mahali pake, nikalaza mwingine, nikalia huku nikipanga. Mama angepanda bila mbolea. Hilo halikuweza tena kurekebishwa na ofisa yeyote.

Tarehe ilipofika nilikwenda Njombe pamoja na Obadia kama shahidi wangu. Mwenye Yadi alikuwa na suti ile ile na maneno yale yale. Obadia aliulizwa, akaanza vizuri, kisha alipotazamwa na shemeji yake akaanza kugugumia. Nikaona kesi inatumbukia. Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Yadi. Alikuja peke yake kwa basi, viatu vina matope, na hakumwangalia mumewe.

"Kamwene," akatusalimu. Kisha akamwambia ofisa, "Baba, mimi ndiye ninayepika pale. Sokoni watu wanasema chakula changu kinakataliwa kwa sababu kina dawa. Kwenye umoja wa akina mama kanisani, juzi nimepika chai, wawili hawakunywa. Nimekuja kusafisha jina langu. Hawa hawali kwangu. Wanafika asubuhi, wanapanga mbao za mume wangu, wanakula viazi vyao, wanaondoka jioni. Mtu anayekufanyia kazi bila kula kwako, kwetu si mgeni wala si msaidizi. Ni kibarua. Walipwe, warudi wale, nami niishi kwa amani."

Mwenye Yadi alimwita mkewe kwa jina la binti yao, "Mama Upendo!" mara moja tu. Hakumalizia.

Ofisa aliandika makubaliano ya malipo, akamsomea Mwenye Yadi, wakatia saini. Alilipa kwa mafungu, kwangu na kwa wengine. Fungu langu la kwanza lilinunua mbolea ya kukuzia, ile inayowekwa mahindi yakishafika magotini, kwa sababu ya kupandia ilikuwa imeshapitwa na wakati. Tulivuna, lakini mavuno ya mtu aliyechelewa. Mwaka ule tulikula viazi zaidi kuliko ugali, na mama alijipunguzia akidhani simwoni. Kaka yake hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Alipokuwa anatajwa, mama alikuwa ananyanyuka na kutafuta kitu cha kufanya.

Mshahara wa mwezi wangu wa mwisho hakunilipa. Nilipoaga alisema, "Huo utanisamehe, mpwa." Nikamwambia sijasamehe. Akacheka.

Baada ya pale nilifanya kazi nyingi. Nilipanga mbao kwenye kiwanda cha kupasulia magogo mbele ya Njombe, chini ya Meneja mkali aliyepiga kelele kuanzia asubuhi. Siku ya kwanza nilimwambia sisimami kwenye rundo mpaka nijue mshahara ni kiasi gani, tarehe ipi, na naandikiwa wapi. Alifoka, "Wewe mama umekuja kazini au mahakamani?" Kisha akaandika. Nikarudi Makambako, yadi nyingine, nikapanda mpaka kuwa msimamizi wa upangaji, mwanamke wa kwanza pale. Nilistaafu magoti yalipogoma. Wafanyakazi wangu walisema nina maringo, maana mchana sikula nao mpaka niwe nimehakikisha wamelipwa.

Nawajibu basi ninyi wa parachichi. Ulizeni siku ya kwanza, na ulizeni kabla hamjapewa chakula, kwa sababu ukishashiba ulimi unakuwa mzito. Mkiambiwa maneno matamu, ulizeni tena. Andikeni wenyewe siku mnazoingia na kutoka, shikeni mashahidi, nendeni ofisi ya kazi mapema, msisubiri mvua kama nilivyosubiri mimi. Sitawaambia kwamba haitawagharimu. Itawagharimu, hasa kama bosi ni ndugu.

Mwenye Yadi alifariki akiwa mzee sana. Miezi yake ya mwisho alilazwa hospitali ya Ilembula, Mama Yadi akiwa ametangulia, na mimi nilimpelekea uji wa ulezi. Njia nzima niliogopa ataukataa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza, "Bado unanidai?"

"Nakudai, Mjomba."

"Na umeleta uji."

"Uji ni kwa sababu wewe ni kaka wa mama yangu."

Alikunywa wote. Nami sikumbana, kwa kuwa mtu anayeumwa habanwi.

Siku ya mazishi, kabla ya mwili kutolewa nyumbani, msemaji wa ukoo alisimama akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze sasa, asije akasema baadaye. Hapo watu huwa kimya, au mmoja anasema alimdai kidogo lakini amesamehe, na wote wanaitikia ahsante. Macho ya ukoo yalinijia, maana walijua. Walikuwa wananisubiri niseme nimesamehe. Hata mimi nilikuwa nimejiandaa kulisema, nililiweka mdomoni tangu asubuhi. Nikawaza mama akipanda mbegu kwenye udongo mtupu.

Nilinyoosha mkono. "Namdai mshahara wa mwezi mmoja," nikasema. "Wa kupanga mbao."

Kulikuwa na minong'ono, na mwanamke mmoja nyuma yangu alisema sina aibu. Upendo, binti yake mkubwa, aliingia ndani, akakaa, akatoka na hela. Nilizipokea, nikazihesabu mbele yake, nikamwambia baba yake hadaiwi tena. Kisha nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda jikoni kusonga ugali, maana waliochimba kaburi walikuwa hawajala.